Gari likikosa nguvu Kitonga, lipimwe kabla ya mwenyewe kuuziwa tabo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe la moyoni. Mimi ni fundi wa magari hapa Ipogolo, Iringa. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapita mbele ya gereji yetu, na gari lolote linalotoka Ruaha Mbuyuni kuupanda mlima Kitonga, kama injini yake ina udhaifu, udhaifu huo hujulikana kabla halijafika Ilula. Kwa hiyo hatukosi magari makubwa ya kifahari uani kwetu: Mercedes, Range Rover, BMW, Land Cruiser V8. Wenyewe huja na lalamiko moja. Gari halivuti. Ukikanyaga mafuta halichanganyi.

Kinachoniuma ni kwamba wengi wakifika kwetu wameshatumia mamilioni kwingine. Wamefungiwa tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye injini), wamefungiwa sensa (vifaa vinavyoipimia kompyuta ya gari hali ya injini), wengine wameambiwa injini imekwisha watafute nyingine ya mtumba, na gari bado linapanda kilima kwa kujikokota. Wanaondoka wakisema magari ya Ulaya hayafai nchi hii. Mimi nasema magari yale yanafaa kabisa, ila yanafunguliwa kabla ya kupimwa. Fundi hana ruhusa ya kubadilisha kifaa hata kimoja kwenye gari lililokosa nguvu mpaka apime, na mwenye gari ana haki ya kuoneshwa vipimo hivyo kwa namba, kabla ya kazi na baada ya kazi.

Nitoe mfano wa gari moja. Mzee mmoja wa Mafinga, mfanyabiashara wa mbao, ana Mercedes ML 320 CDI ya mwaka 2008. Injini yake ni V6 ya dizeli, lita 3, ambayo mafundi tunaijua kwa namba OM642. Ikiwa nzima inatoa nguvu farasi 224 na msokoto wa Nyutoni mita 510, na gari lile pamoja na uzito wake wote hutoka kwenye kusimama hadi kilomita 100 kwa saa chini ya sekunde 10. La mzee huyu lilikuwa linapitwa na mabasi ya abiria pale Kitonga.

Nilimwomba anieleze mwenyewe, taratibu. Akasema: "Fundi, asubuhi naondoka vizuri. Nikifika mlimani nikakanyaga mafuta yote, linavuta kidogo, halafu linanyong'onyea na taa ya injini inawaka. Nikisogea pembeni nikazima, nikawasha tena, nguvu zinarudi. Baada ya muda mfupi linarudia yale yale."

Nikamuuliza kuhusu moshi. Akasema mwanawe, anayemfuata nyuma na gari jingine, huona moshi mweusi gari likikanyagwa mlimani.

Kabla hatujafungua boneti tulikuwa tumeshajua mengi. Injini iliyokwisha kweli, ambayo ringi zake zimelika na kompresheni imeshuka, hairudishiwi nguvu kwa kuzima na kuwasha. Nguvu zikirudi kwa zima-washa, maana yake kompyuta ya injini yenyewe ndiyo iliyozipunguza. Imeona kitu hakilingani na inavyotarajia, ikaamua kuilinda injini kwa kupunguza mafuta na shinikizo la tabo. Ukizima, inaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka ikutane na kasoro ile ile. Na moshi mweusi kwenye dizeli maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Kwa hiyo swali likawa moja: hewa inapotelea wapi?

Gereji aliyotoka ilikuwa na skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kama yetu. Walichomeka, ikatoka namba ya hitilafu P0299, wakasema tabo imekufa. Mhariri, namba ile inasema tu kwamba shinikizo la hewa liko chini ya linalotakiwa. Haitaji tabo, wala mpira, wala sensa. Wakafunga tabo ya mtumba na kufuta namba ya hitilafu, gari likaondoka na nguvu zake kwa sababu lilikuwa limefutiwa kumbukumbu, na siku chache baadaye likarudi. Wakabadilisha sensa inayopima hewa inayoingia. Likarudi tena. Mwisho wakamwambia tatizo limehamia kwenye gia boksi. Hapo ndipo mzee alipopiga moyo konde akalileta Iringa.

Tulichofanya sisi naomba nikieleze kwa kirefu, maana hakuna siri ndani yake, na gereji yoyote inaweza kukifanya.

Kwanza tuliwasha swichi bila kuwasha injini, tukasoma sensa ya shinikizo la hewa kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Injini ikiwa imezimwa, ndani ya manifoldi mna hewa ile ile tunayopumua, kwa hiyo sensa lazima ioneshe shinikizo la hewa la mahali ulipo. Pwani, pale Dar es Salaam, ni kama kilopaskali 101. Hapa Iringa, kwenye mita takriban 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni karibu 85. Gari la mzee lilionesha 85. Sensa inasema kweli, tukaiacha. Nimewahi kuona sensa nzima ikitupwa kwa sababu fundi aliyezoea namba za pwani aliona 85 akadhani imekufa, na mteja akalipia mpya iliyoonesha 85 vilevile.

Pili tulilipandisha gari kilima cha kutoka Ipogolo kwenda mjini. Mimi nikiendesha, kijana wangu ameshika skana inayorekodi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hatua hii ndiyo wengi wanairuka. Kusoma hitilafu gari likiwa limeegeshwa ni kusoma yaliyopita. Unatakiwa uone injini inaomba nini na inapata nini wakati ule ule inapokosa nguvu. Kompyuta iliomba shinikizo la kilopaskali 230, ikapata 150. Ilikuwa imeshazisogeza mbawa za tabo mpaka mwisho ili ipate zaidi, na haikupata. Wakati huo huo shinikizo la mafuta kwenye reli, bomba linalolisha nozeli, lilikuwa linafuata lililoombwa bila kubaki nyuma. Kwa safari ile moja fupi tuliondoa kwenye orodha pampu ya dizeli na filta ya mafuta. Chujio la masizi kwenye ekzosi lilikuwa limeanza kujaa, lakini halijaziba.

Tabo inajitahidi mpaka mwisho, mafuta yapo, hewa haifiki. Sasa tutafute tundu.

Kifaa tulichotumia tulikitengeneza wenyewe: kofia ya bomba la PVC iliyotobolewa na kufungwa valvu ya tairi. Unalegeza bomba la hewa linalotoka kwenye airkilina, unaziba mdomo wa tabo kwa kofia ile na klampu, unaingiza upepo kidogo kutoka kompresa. Kidogo, nasisitiza, usizidishe kile tabo inachotoa, maana ukijaza kama tairi utang'oa sili (mipira ya kuziba maungio) zilizokuwa nzima. Halafu unapaka maji ya sabuni kila maungio. Wenye mashine ya moshi watumie mashine ya moshi, ni nzuri zaidi. Asiyekuwa nayo asiseme hana uwezo wa kupima.

Tulivua kinga ya chini ya injini. Mpira mkubwa unaopeleka hewa kwenye intakula, kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo, ulikuwa umechanika upande wa tumboni, pale unaposuguana na kishikizo cha chuma. Ukiutazama injini ikiwa imezimwa huoni kitu, mdomo wa mchaniko umejifunga. Upepo ulipoingia, mdomo ukafunguka na povu likajaa. Kujaza hewa injini yenye mpira ule ni sawa na kupiga pampu tyubu iliyotoboka, na haijalishi pampu ni mpya kiasi gani. Ile tabo aliyouziwa mzee isingeweza kumsaidia hata ingetoka kiwandani siku ile.

Kwa bahati njema mzee ni mtu wa kudai chake. Alikuwa ameikataza gereji ile kubaki na tabo ya zamani, iko kwenye boksi ndani ya buti. Tuliitoa tukaikagua. Shafti haikuwa na mchezo, mbawa zilisogea bila kukwama, hakuna alama ya mapanga yake ya ndani kugusa ganda lake la nje. Tabo yake ya asili ilikuwa nzima. Yule mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo fundi, nililipia nini?" Sikuwa na jibu la kumpa, na swali hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Kuna jambo jingine kwenye injini hii ambalo kila anayeigusa anapaswa kulitazama. Mvuke wa oili kutoka kwenye injini hurudishwa kwenye mdomo wa kuingizia hewa wa tabo, na sili ya pale ikichoka oili huvuja, inadondokea mota ndogo iliyo chini yake inayofungua na kufunga milango ya hewa kwenye manifoldi. Mota ikilowa hupiga shoti, na gari linapoteza nguvu kwa njia nyingine kabisa. Sili yenyewe ni mpira mdogo wa bei ndogo. La mzee lilikuwa limeanza kulowa, mota bado nzima. Tukabadilisha sili, tukasafisha, tukafunga mpira mpya wa intakula. Tukarudi kwenye kilima kile kile: kompyuta iliomba 230, ikapata 228. Kisha nikamwambia mzee aende nalo Mafinga kwa mwendo wa barabara kuu bila kusimama simama, ili ekzosi ipate moto wa kutosha na gari lichome lenyewe masizi yaliyojaa kwenye chujio, kazi inayohitaji joto la karibu nyuzi 600. Alipofika tulipima tena tofauti ya shinikizo kwenye chujio kwa skana aliyokuwa nayo ndugu yetu wa kule, ikawa imeshuka.

Gharama yote, mpira, sili na ufundi, haikufika sehemu ya kumi ya alizokwisha kulipa.

Chujio hilo halikujaa lenyewe. Hewa ikivuja, dizeli haiungui vizuri, masizi yanaongezeka, chujio linajaa, na ekzosi iliyozibwa inaiminya tabo. Mtu anayeendelea kuendesha kwa mtindo wa zima-washa kwa miezi anaugeuza mpira mmoja kuwa chujio na tabo. Na siku chujio likiziba kabisa atashauriwa litobolewe. Vivyo hivyo kwenye magari ya petroli anashauriwa "toa masega, gari litavuta." Masega ni kile kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi. Kweli masega huziba, hasa plagi au koili ikifeli, petroli isiyoungua ikaingia humo na kuyayeyusha. Lakini hilo nalo linapimwa. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji mahali pake, zungusha injini mizunguko 2,500 kwa dakika. Geji ikipita pauni 3 kwa inchi ya mraba, ekzosi imebanwa. Isipopita, masega yako salama, na anayetaka kuyatoa muulize yanakwenda wapi. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, yana wanunuzi, na mwenye gari mara nyingi haambiwi hivyo.

Kuna magari yanayokuja kwetu yasiyo na ubovu wowote. Mtu anapanda na V8 ya petroli isiyo na tabo kutoka Dar, akifika huku anasema limechoka ghafla. Halijachoka. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Hapa Iringa limepungukiwa kama asilimia 15, na likishuka Ruaha Mbuyuni nguvu zake nyingi zitarudi. Tunalipima, tunamwonesha namba, anakwenda zake. Wengine wana breki zinazobana: gusa rimu zote nne baada ya mwendo, iliyo ya moto kuliko wenzake ndiyo inayoshikilia gari. Wengine wamevaa matairi makubwa kuliko ya kiwandani kwa ajili ya sura, halafu wanalaumu injini.

Naijua hoja ya mafundi wenzangu, kwa sababu naishi nayo. Mteja hataki kulipia kupimwa. Ukimwambia nimetumia asubuhi nzima kutafuta, nipe hela ya utafiti, anakuona tapeli. Ukimwonesha kifaa kipya kwenye boksi, analipa mara mbili bila kunung'unika. Kwa hiyo fundi anajifunza kuuza spea, maana ndiyo inayomlipa. Nawaomba wenye magari walione hili. Kama unamiliki gari la kifahari na hutaki kulipia saa mbili za kichwa cha fundi, utalipia tabo. Sisi hapa gereji tumeweka bei ya kupima peke yake, imeandikwa ukutani, na mteja akishapata majibu yuko huru kwenda kutengeneza popote. Mwanzoni tulipoteza wateja. Sasa hivi wanaotoka Makambako na Njombe wanakuja kupimwa tu, wanaondoka na karatasi.

Karatasi hiyo ndiyo naiomba iwe desturi nchi nzima. Iandikwe shinikizo lililoombwa na lililopatikana, shinikizo la reli ya mafuta lililoombwa na lililopatikana, hali ya chujio la masizi au masega, na namba za hitilafu kabla hazijafutwa. Iandikwe mara mbili, kabla na baada, kwenye kilima kile kile. Na kifaa cha zamani kirudishwe kwa mwenyewe kwenye boksi, kila mara, aombe asiombe.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya Kitonga yenyewe. Pale upande mmoja wa barabara ni ukuta wa mlima, upande wa pili bonde, na malori yanapanda kwa mwendo wa mguu. Dereva wa gari kubwa anaona nafasi ndogo, anachomoka akiamini gari lake, na gari linanyong'onyea katikati ya kuovateki, mbele yake basi linashuka. Gari linalokosa nguvu ghafla ni gari bovu sawa na lisilo na breki. Mwenye gari la namna hiyo asilipandishe mlima kwa zima-washa akitegemea atafika Mbeya. Abaki nyuma ya lori mpaka juu, halafu alipime.

Ombi langu la mwisho ni kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Vijana wanaotoka vyuoni wanajua kufungua na kufunga, na baadhi ni hodari sana. Lakini wengi nawapokea wakiwa hawajawahi kurekodi injini ikiwa barabarani, wala kusoma mchoro wa nyaya. Zianzishwe kozi fupi za jioni kwa mafundi ambao tayari wako kazini, hapa Iringa na kwingineko, wakajifunze kupima tu, bila kugusa spana. Gereji yetu iko tayari kutoa gari la dizeli la mazoezi na kile kifaa cha PVC, na mimi mwenyewe nitakuja kufundisha bila malipo jioni ambazo hatuna kazi ya dharura.

Fundi wa magari,
Ipogolo, Iringa.